Kura Moja ya Chake Chake: Pemba na Hesabu za Uchaguzi

Januari 1961, mgombea wa Afro-Shirazi alilichukua jimbo la Chake Chake kwa kura moja. Kwa ushindi huo chama chake kilifikisha viti 10 kati ya 22 vya Baraza la Kutunga Sheria la Zanzibar. Hizbu, kama ZNP ilivyozoeleka kuitwa, ilipata 9. Vitatu vilivyobaki, vyote vya Pemba, vilikwenda ZPPP ya Mohamed Shamte, chama kilichoundwa 1959 na waliojitenga na Afro-Shirazi. Watatu hao nao hawakukaa pamoja: wawili waliegemea Hizbu, mmoja Afro. Ikawa 11 kwa 11, na serikali haikuundika.

Tangu hapo siasa za Zanzibar hazijawahi kuhesabiwa bila Pemba.

Uchaguzi wa kwanza, wa Julai 1957, ulikuwa mdogo: viti 6 tu vilipigiwa kura, na waliopiga ni wanaume waliotimiza masharti ya umri, elimu au mali. Abeid Karume alimshinda Ali Muhsin pale Ng'ambo, na Hizbu ikatoka mikono mitupu. Kilichofuata wazee hukiita "zama za siasa". Watu walisusiana madukani, mazikoni na harusini. Wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliokuwa wakilima chini ya mikarafuu yao kwa sababu ya chama tu.

Ili kuvunja sare ya 1961, likaongezwa jimbo moja, Mtambile, kusini mwa Pemba. Uchaguzi wa marudio wa Juni ulizaa ghasia Unguja, na watu 68 wakafa. Hofu hiyo haikuwafanya watu wakae nyumbani. Julai 1963, wakati wanawake nao wana haki ya kura, karibu asilimia 99 ya walioandikishwa walijitokeza. Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Pemba, yenye viti 14, iliipa viwili, ingawa zaidi ya Wapemba wanne katika kila kumi waliipigia. Hizbu na ZPPP zikashika serikali pamoja, Shamte, Mpemba, akiwa Waziri Mkuu; Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yakamwondoa.

Chini ya chama kimoja ushindani ulihamia kwenye vikao, na mwananchi akabakishiwa "ndiyo" au "hapana". Hata hivyo mwaka 1985 Idris Abdul Wakil, mgombea pekee wa urais wa Zanzibar, alipita kwa kura zisizofika theluthi mbili. Pemba wengi walimtaka mtoto wa Mtambwe, Seif Sharif Hamad. Seif alivuliwa uwaziri kiongozi mwaka 1988, akaja kuwa kinara wa CUF.

Vyama vingi viliporudi, ramani ya zamani ilijitokeza upya. Oktoba 1995 CUF ilizoa majimbo yote 21 ya Pemba, na Salmin Amour wa CCM akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif. Uchaguzi wa 2000 ulipovurugika, waandamanaji walipigwa risasi Januari 2001, wengi wao Pemba, na baadaye mwaka huo vyama vikatia saini Muafaka. Kabla ya uchaguzi wa 2005 majimbo yalikatwa upya: Pemba ikashuka kutoka 21 hadi 18, Unguja ikapanda kutoka 29 hadi 32.

Vita vingine vilikuwa kwenye daftari la wapiga kura. Sheria ilimtaka mpiga kura awe amekaa jimboni miezi 36, na sheha ndiye aliyemtambua kuwa mkaazi. Upinzani ulilalamika kuwa watu wao walikuwa wakirudishwa mlangoni.

Baada ya maridhiano ya CCM na CUF, kura ya maoni ya Julai 2010 ilipitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Amani hiyo ilidumu hadi Oktoba 28, 2015, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi alipoufuta uchaguzi wa mwaka huo. CUF ikasusia marudio ya Machi 2016. Kwa takwimu za tume waliojitokeza walikuwa asilimia 67.9, na Ali Mohamed Shein akapata asilimia 91.4. Ngome za CUF Pemba zikaangukia CCM, kwa kuwa wenye ngome hawakuja.

Utiifu wa Wapemba kwa Seif ulipimwa tena Machi 2019, Seif alipohamia ACT-Wazalendo. Ofisi za CUF Pemba zilipakwa zambarau, rangi ya ACT, ndani ya siku chache tu: majengo yaleyale, wanachama walewale, bendera mpya juu. Mwaka uliofuata tume ilimtangaza Hussein Mwinyi wa CCM mshindi kwa asilimia 76. ACT iliyakataa matokeo, kisha Desemba 2020 ikaingia serikalini na Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.