Kutoka Kanisa Hadi Gereza: Siku Mbili Katika Ngome za Mombasa



Juma hili tunaanza na neno ambalo hakuna apendaye kulisikia likitajwa pamoja na jamaa yake: gereza. Wataalamu wengi wa lugha wanasema limetokana na neno la Kireno, igreja, maana yake kanisa. Wareno walituachia pia meza, bendera, mvinyo na hata neno padri, na hayo yote yalibaki na maana yake. Hili moja liligeuka. Katika ngome za pwani kanisa lilikuwa ndani ya kuta zilezile za askari na mizinga, na mwenyeji aliyetazama kutoka nje hakuona sababu ya kutenganisha nyumba ya sala na nyumba ya minyororo. Kule Kilwa Kisiwani ngome kuukuu yaitwa Gereza hadi leo.

Tulikuwa na neno hilo mawazoni tulipokaa Mombasa kwa siku mbili pamoja na shangazi, binamu zetu wawili na watoto wao. Mwenyeji wetu alikuwa shemeji, mume wa binamu mwingine, Mwislamu mzaliwa wa Mji wa Kale, na ndiye aliyetutembeza. Tunalitaja jambo hili kwa sababu historia ya Fort Jesus si rahisi kuisimulia mbele ya jamaa wa dini mbili. Kila upande una wafu wake.

Ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Manowari za Kituruki za Mir Ali Bey zilikuwa zimefika pwani hii mara mbili katika miaka ya 1580, na Wareno, waliokuwa na makao yao Malindi, wakaona heri waishike Mombasa wenyewe. Wakaipa ngome jina la Yesu. Shangazi, mama wa miaka mingi katika WAWATA, alizitazama kuta zile nene za matumbawe, akatazama na midomo ya mizinga, kisha akauliza kama Bwana wetu aliombwa ruhusa. Hatukuwa na jibu. Juu ya lango pana maandishi ya mwaka 1639 yanayomsifu kapteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuikarabati ngome na kuwatiisha watu wa pwani. Nani aliyewakosea watu hao kwanza, jiwe halisemi.

Aliyekosewa zaidi alikuwa mtoto. Mwaka 1614 Sultani Hassan wa Mombasa, baada ya kugombana na kapteni wa ngome, alikimbilia Rabai, akauawa huko kwa hila ya Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, akiwa bado mdogo, alipelekwa Goa vilevile, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo. Wakamrudisha kuwa mfalme Mkristo. Tarehe 16 Agosti 1631, siku moja baada ya Sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akaurudia Uislamu. Katika siku zilizofuata Wakristo wa mji walitakiwa kuikana imani yao. Wengi walikataa, wakauawa: watawa, Wareno na familia zao, pamoja na Waafrika waliobatizwa. Hao ndio Mashahidi wa Mombasa, ambao habari zao zilichunguzwa na Kanisa huko Goa mwaka uliofuata.

Tumewahi kusikia habari hii ikihubiriwa kuanzia mwaka 1631, bila neno juu ya 1614. Twaona kwamba hivyo ni kuwapunguzia mashahidi wenyewe haki yao, kwa maana walilipa kwa damu deni ambalo wengi wao hawakulikopa. Shemeji alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kwao husimuliwa kuanzia 1614 na kuishia asubuhi ya tarehe 16 Agosti.

Baada ya hapo alitupeleka kwenye kona ya ukuta na kutukumbusha jambo lisilokaa vizuri upande wowote. Waomani walipoizingira ngome, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, njaa na tauni viliwamaliza waliokuwa ndani. Kapteni alipofariki mwaka 1697, aliyeshika uongozi na kuilinda Ngome ya Yesu kwa niaba ya mfalme wa Ureno hadi merikebu za msaada zilipotokea alikuwa Bwana Daud wa Faza, Mwislamu, pamoja na ndugu zake na watu wachache waliobaki. Watoto walilipenda jina lake kuliko majina mengine yote tuliyowatajia.

Waingereza waliifanya ngome kuwa jela tangu 1895 hadi 1958, ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Kwa hiyo neno lile lilitimia mahali palepale: uani kuna mabaki ya kanisa la Wareno, na kwa zaidi ya miaka 60 wafungwa walilala katika ua uleule. Shangazi aliketi hapo kivulini, akatoa rozari yake. Shemeji akawachukua watoto ili wasimsumbue.

Jioni ya pili tulikwenda kwenye bustani ya Mama Ngina kutafuta ngome ndogo ya Mtakatifu Yosefu, iliyolinda mlango wa bahari. Imebaki vipande vya kuta tu juu ya mwamba. Watoto hawakuijali, walikuwa na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu mikononi, na meli kubwa ilikuwa ikiingia Kilindini.