Ukuta wa Shimo la Geita

Historia ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa husimuliwa kwa majina ya wamiliki: Wajerumani walioitafuta mwishoni mwa karne ya 19, mgodi wa Geita uliochimbwa enzi za Waingereza tangu miaka ya 1930 hadi ukafungwa mwaka 1966, kisha makampuni yaliyokuja baada ya Sheria ya Madini ya 1998. Simulizi hilo ni la kweli, ila linaruka badiliko lililoigeuza kazi yenyewe. Mgodi wa zamani uliifuata dhahabu kwa mahandaki, na hatari kubwa ilikuwa juu ya kichwa cha mchimbaji. Mgodi uliofunguliwa mwaka 2000 uliifunua ardhi kwa mashimo ya wazi. Tangu hapo, aliyeamua kama mawe yenye dhahabu yatafikiwa alikuwa ukuta wa shimo, na hasa sehemu ya ukuta iliyobeba barabara.

Lori lililojaa mawe hupanda kwa shida, kwa hiyo barabara ya shimoni kwa kawaida huinuka mita 1 katika kila mita 10 za mwendo. Shimo lenye kina cha mita 100 linadai kilomita nzima ya barabara, pana kiasi cha malori mawili kupishana, na yote huchongwa katika ukuta uleule unaotakiwa usimame. Kipande kingine cha ukuta kikiporomoka, mitambo huhamishiwa kwingine. Kikiporomoka kilicho juu ya barabara, walio chini hukosa njia na waliopo juu hukosa kazi. Mwaka 2007 ukuta wa shimo la Nyankanga, kubwa kuliko yote pale Geita, ulianguka na uzalishaji wa mgodi ukashuka. Bei ya dhahabu wakati huo ilikuwa inapanda; haikusaidia.

Mtu aliyezoea vilima vya Mwanza anaweza kushangaa. Majabali ya Isamilo na Mabatini yamekaa juu ya mengine tangu kale, na nyumba zimejengwa katikati yake. Kwa nini ukuta uliopimwa na wahandisi uanguke? Jibu ni kwamba kimo na wima havitoshi kuuhukumu mteremko. Itale ya Mwanza ni ngumu, na udhaifu wake umo katika mipasuko: mpasuko ukiinama kuelekea barabara, jabali zima huteleza juu yake, hata kama jiwe lenyewe halivunjiki kwa nyundo. Geita ina mawe mengine, yenye tabaka za chuma, na sehemu ya juu imeoza kwa jua na mvua hadi kuwa karibu udongo. Huko adui ni maji. Wengi hudhani maji hulainisha udongo ukateleza kama sabuni. Lakini mhandisi Karl Terzaghi alikwisha kueleza katika miaka ya 1920 kwamba maji yaliyojaa ndani hubeba sehemu ya uzito, chembe zikapunguza kubanana, na nguvu ya kushikana ikapungua. Ndiyo maana ukuta uliosimama kiangazi chote unaweza kuondoka masika bila kuguswa, na ndiyo maana mfereji wa juu ya ukuta na matundu ya kutolea maji hustahili kuhesabiwa pamoja na pembe.

Wapo watakaosema tatizo lina dawa rahisi: laza ukuta. Hesabu inakataa urahisi huo. Ukuta wa mita 100 ukilazwa kutoka nyuzi 50 hadi 45, kila mita ya urefu wake huongeza mita za ujazo 800 hivi za mawe yasiyo na dhahabu, yote ya kulipuliwa, kubebwa na kutupwa. Wengine hutegemea rada zinazoona ukuta ukisogea kwa milimita. Rada huokoa watu, na hilo si dogo, lakini huanza kusema ukuta ukiwa umeshaanza kuondoka. Pembe na mifereji viliamuliwa miaka kadhaa kabla.

Pingamizi zito zaidi ni la wachimbaji wadogo: walichimba maduara, yaani mashimo yao, kwa mihimili ya matimba na uzoefu bila hesabu hizi. Uzoefu huo ni elimu, tena mara nyingi huona ufa mapema kuliko mgeni mwenye kompyuta. Lakini Januari 2024 kifusi kiliua watu 22 wilayani Bariadi, mahali uchimbaji ulipokuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua. Kilichowapungukia haikuwa habari kwamba ardhi imelowa. Mgodi mkubwa unaweza kusimamisha kazi wiki nzima na bado ukalipa mishahara, ilhali mchimbaji wa duara akisimama leo, leo hiyohiyo hana chakula. Kwa hiyo usalama wa mteremko ni pia swali la nani anamudu kusubiri ukauke. Hata anayemudu kusubiri hufika mpaka: Geita yenyewe ilirudi chini ya ardhi, kwenye eneo la Star and Comet mwaka 2016 na Nyankanga mwaka uliofuata, kwani kadiri shimo linavyozama ndivyo kila mita ya ziada inavyodai ukuta mzima kusogezwa nyuma.