Gari ya Mnada Mtandaoni: Mambo 5 ya Kucheki Kabla Doo Itoke

Unaijua ile ndai ya namba ya KDA inayonadiwa Facebook kwa laki mbili, eti benki imemnyang'anya msee aliyelemewa na loni? Picha ni safi, nembo ya benki iko, na jamaa wa WhatsApp anakuita "bosi". Halafu anataka utume elfu ishirini sasa hivi, juu kuna wengine watano wanaimezea mate. Hapo ndipo watu huoshwa.

Minada ya magari ya benki ni ya ukweli, na kuna wasee hupata gari poa huko. Shida ni matapeli wanaokopi tangazo halali na kubadilisha namba ya simu tu. Kwa hivyo kabla uweke PIN, cheki hizi:

1. Dalali ni nani? Kenya, dalali wa mnada lazima awe na leseni. Pia pigia benki yenyewe kwa namba iliyo kwa tovuti yake, sio ile umetumiwa inboksi, uulize kama hiyo gari iko kwa orodha yao.

2. Enda yadi. Mnada halali huweka siku za kuona gari. Beba fundi wako, juu gari ya mnada huuzwa vile iko. Ikizima kesho, huo ni mzigo wako. Ukiambiwa "iko bandarini, huwezi iona," hepa.

3. Toa rekodi za NTSA. Ingia eCitizen na ulipie rekodi za hiyo namba ya gari. Linganisha namba ya chesi na ya injini na zile ziko kwa gari yenyewe. Gari ya loni kawaida huwa na jina la benki pamoja na la mkopaji. Kama benki haiko hapo, uliza ni kwa nini.

4. Pesa iende kwa kampuni. Amana ya kuingia mnadani hulipwa kwa akaunti ya dalali au ya benki, na upewe risiti. Ukishindwa mnada, unarudishiwa. M-Pesa ikikuonyesha jina la mtu binafsi, kanseli.

5. Logibuku ihame rasmi. Muuzaji huanzisha uhamisho kwa mfumo wa NTSA, nawe unakubali kwa akaunti yako. Picha ya logibuku kwa simu haikufanyi mwenye gari.

Na kama ushatuma? Usikae na aibu. Tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mbio, kabla jamaa atoe pesa, kisha uende polisi upewe namba ya OB. Tapeli anaombea unyamaze.

Wiki ijayo kutakuwa na mnada mwingine. Lakini ile elfu ishirini uliyoazima kwa chama cha mathako, hiyo utailipa gari iwepo isiwepo.