Walinzi wa Ubongo: Habari ya Malale katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Mto Mirongo hupita katikati ya mji wa Mwanza, kisha humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Kwenye mwambao huo, mwaka 1906, alifika Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Ujerumani, pamoja na wasaidizi wake, kutafuta dawa ya ugonjwa wa malale. Hakukaa Mwanza siku nyingi. Ugonjwa ulikuwa umekita zaidi upande wa kaskazini, katika Uganda, naye akavuka ziwa mpaka visiwa vya Sese. Safari ile hukumbukwa kwa ajili ya dawa; lakini msiba wa malale uliacha elimu nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni elimu ya chembe zilindazo mwili, na mambo yanayotokea zinapoingia katika ubongo.

Mwaka 1901 matabibu wa hospitali ya Mengo, Albert Cook na nduguye Jack, waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale katika Uganda. Mgonjwa alianza kwa homa na kuumwa kichwa. Baada ya muda tabia yake iligeuka, maneno yakamponyoka, akasinzia mchana na kukesha usiku. Mwishowe alilala asiamke. Mpaka mwaka 1920 walikuwa wamekufa watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000, hasa katika Busoga na visiwani. Vijiji vilihamwa na mashamba yakarudi kuwa msitu.

Mwaka 1902 Aldo Castellani, tabibu kijana wa Kiitalia, alikuja Entebbe pamoja na tume iliyotumwa kutoka London. Alichoma sindano baina ya mifupa ya mgongo chini kiunoni, akateka maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Kwa mtu mzima wa afya maji hayo ni meupe na maangavu. Alipoyatazama ya wagonjwa kwa hadubini, alimwona mdudu mwembamba akijinyonganyonga: tripanosoma. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kwamba mdudu huyo huenezwa na mbung'o wa mwambaoni.

Basi adui akajulikana. Lakini kulibaki swali: mdudu huyu huuharibuje ubongo? Jibu lilianza kupatikana mbali na ziwa, katika chumba cha utafiti cha Frederick Mott huko London. Mott alikuwa amekwisha kuchunguza, mwaka 1899, ubongo wa watu wawili wa Kongo waliokufa kwa malale katika mji huo. Sasa akaletewa vipande vya ubongo kutoka Uganda. Alivikata vikawa vyembamba kupita karatasi, akavitia rangi, akaviweka chini ya hadubini. Alichokiona kwa wingi ni chembe nyeupe za damu, zimejipanga kuizunguka mishipa ya damu kama mkono wa kanzu uzungukavyo mkono wa mtu. Walinzi walikuwa wamejaa ndani ya nyumba, na nyumba ilikuwa inaharibika.

Miongoni mwa walinzi hao palikuwa na chembe ya ajabu, imejaa vidonge mviringo kama kishada cha zabibu. Mott aliieleza mwaka 1905, nayo huitwa kwa jina lake hata leo, ingawa Mhispania Santiago Ramón y Cajal alikuwa ameiona katika ugonjwa mwingine mwaka 1890. Leo yajulikana kuwa ni chembe itengenezayo kingamwili ambayo imeshindwa kuzitoa nje. Ni ghala lililojaa silaha na mlango wake umefungwa.

Hao walikuwa wageni waliotoka katika damu. Mwaka 1919 mwanafunzi wa elimu ya Cajal, Pío del Río Hortega, alitumia rangi ya fedha akawadhihirisha wenyeji: mikroglia, chembe ndogo zenye matawi zikaazo katika ubongo maisha yote. Wakati wa amani hupapasa kila upande na kufagia takataka. Hatari ikija hukunja matawi yao, huvimba, na huwaita wenzao waliomo katika damu.

Elimu hii haikubaki ya vitabuni. Atoksili, dawa ya zarniki aliyoitumia Koch huko Sese, ilisafisha damu kwa muda, lakini haikumfikilia vema mdudu aliyekwisha kuingia katika ubongo. Tena baadhi ya wagonjwa walipofuka. Kwa hiyo ilikuwa lazima kujua kama mdudu amevuka, na shahidi akawa yule mlinzi. Maji ya mgongo yaliwekwa katika kioo chenye mistari, chembe nyeupe zikahesabiwa. Zikizidi 5 katika kila milimita moja ya ujazo, mgonjwa alihesabiwa kuwa katika daraja ya pili.

Hesabu hiyo ilikuwa hukumu nzito. Tangu mwaka 1949 dawa ya daraja ya pili ilikuwa melasoproli, nayo ina zarniki. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa, 5 hivi walikufa kwa dawa yenyewe, ubongo ukiwaka uvimbe. Watafiti waliwapa panya wagonjwa dawa isiyotosha, wakaona uvimbe wa namna hiyo ukizidi: mdudu aliyejeruhiwa asife huwachochea walinzi, nao hupiga bila kuchagua. Moto ufukuzao nyuki waweza kuunguza mzinga.

Fexinidazole, dawa ya vidonge, ilikubaliwa mwaka 2018 kwa malale ya magharibi, na mwaka 2023 kwa malale ya mashariki, ambayo ndiyo ya Tanzania. Haina zarniki, na wengi hawalazimiki tena kunywea sumu matumaini yao.

Chembe ile ya kishada ingali inaitwa kwa jina la Mott, naye aliistahili sifa kwa jicho lake na subira yake. Lakini kila asomaye jina hilo na akumbuke kwamba kitabu alichokisoma Mott kilikuwa ubongo wa watu, na wengi wao walikuwa watu wa ziwa hili. Hawakuitwa mabingwa, wala chembe yoyote haikupewa majina yao. Walifundisha wakiwa wamekwisha kulala.