Hivi angani maji yanachemkaje?

Nilipotea kwa sababu ya mazoezi ya kufundisha, nilipewa Fizikia kidato cha pili. Siku ya msafara wa joto binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza: “Mwalimu, na wale wanaokaa angani, maji yao yanachemkaje?” Nikajibu haraka haraka: kama hapa tu, ila viputo vinapanda polepole. Kumbe nimemdanganya! Nimeshinda maktaba siku mbili kwa ajili yake.

Sufuriani kwetu kiputo cha mvuke kinaota kwenye kitako, kinakua, kinang'oka na kupanda, kwa kuwa maji ni mazito kuliko mvuke. Kikiondoka, maji mengine yanashika nafasi yake na kupooza kitako. Sasa ondoa uzito. Hakuna juu wala chini, na maji ya moto nayo hayapandi. Kiputo kiende wapi?

Waliotaka kujua hawakwenda angani kwanza, waliangusha chombo. Kitu kinachoanguka huru, na maji yaliyomo, ni kama hakina uzito kwa muda huo. (Wanaanga nao wanaelea kwa sababu wanaanguka muda wote kuizunguka dunia. Kilomita 400 juu, mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wetu. Hilo pia nililifundisha vibaya, jamani.) Mwaka 1959 Robert Siegel na mwenzake, wa maabara ya NASA kule Cleveland, Marekani, walichapisha picha za uchemkaji wa namna hiyo. Viputo viling'ang'ania pale pale penye moto.

Haraka yote hiyo ilikuwa ya roketi. Ile ya kwenda mwezini ilitakiwa kuwasha injini upya ikiwa tayari inazunguka dunia, na tangi lake lilikuwa na haidrojeni ya kimiminika, inayochemka kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Julai 5, 1966 wakarusha AS-203 ikiwa na kamera ndani ya tangi, waone tu haidrojeni inavyotulia. Mwaka huo huo Cleveland walipata shimo la kuangushia chombo umbali wa mita 132. Linatoa sekunde 5.18.

Sekunde tano haziivishi hata chai ya hosteli. Ikabidi kusubiri hadi 1992, jaribio la Herman Merte wa Chuo Kikuu cha Michigan liliporuka na chombo cha anga, likichemsha kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 48 hivi badala ya maji. Mwaka 2011 jaribio la Vijay Dhir likafanyika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na picha ile ndiyo iliyonimaliza: kiputo kimoja kikubwa kimekaa juu ya hita, kinameza vidogo vyote vinavyoota pembeni. Hakiendi popote. Moto ukizidi, mvuke unaifunika hita nzima, kimiminika hakiigusi tena, na hita inaweza kuungua.

Jana nimempigia mwalimu aliyenipokea kule shuleni, nikamwomba dakika kumi za kipindi chake Jumatatu. Boom bado halijatoka, ila nauli nitakopa. Mwenye chaki za rangi aniletee room, kiputo kile nataka nikichore kikubwa ubao mzima.