Samaki wa Kupandwa na Mlinzi Wake

Rwanda haina bahari. Kutoka Kigali hadi bandari ya Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara. Kwa hiyo yanapotajwa maendeleo ya ufugaji wa samaki katika maji ya pwani, Mnyarwanda huelekeza macho yake magharibi, kwenye ufuko wa ziwa Kivu. Ufuko huo ndio pwani yake. Historia ya maji hayo ina funzo kubwa, na funzo hilo linawahusu kwa namna ya pekee askari wa jeshi na wa polisi.

Mama anayepima isambaza katika soko la Kimironko, mjini Kigali, humwona samaki huyo mdogo kuwa ni mwenyeji wa Kivu tangu enzi. Sivyo. Isambaza ni mgeni aliyeletwa na binadamu.

Kivu ni ziwa la namna yake. Liko juu milimani, kiasi cha meta 1,460 kutoka usawa wa bahari, na kina chake kinazidi meta 480. Lakini chini ya tabaka la juu, maji yake hayana hewa ya kuvuta. Yamejaa gesi za methani na kaboni dioksidi. Uhai wa samaki umebanwa katika meta 60 au 70 za juu tu. Zaidi ya hayo, samaki wa asili walikuwa wa aina chache, nao walikaa karibu na ufuko. Katikati ya ziwa viumbe vidogo vielea majini vilizaliwa na kufa bila samaki wa kuvila.

Kati ya mwaka 1958 na 1960, chini ya utawala wa Kibelgiji, vifaranga vya dagaa zaidi ya 50,000 vilichukuliwa kutoka ziwa Tanganyika vikamwagwa Kivu. Mto Ruzizi huunganisha maziwa hayo mawili, lakini maporomoko yake hayamruhusu dagaa kupanda mwenyewe. Vifaranga hivyo vilikuwa vya aina mbili. Aina moja ilitoweka. Ya pili ilishika maisha, na ndiyo isambaza.

Miaka mingi ilipita kabla ya mavuno kuonekana. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Serikali ya Rwanda, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilianzisha mradi Gisenyi wa kuwafundisha wavuvi kumvua samaki huyo. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa nguzo ndefu, wavu ukashushwa chini yake, na taa zikawashwa gizani. Isambaza hupanda juu usiku kufuata chakula chake, na mwanga humvuta. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa nuru imetawanyika kila mahali. Hadi leo jioni zinapoingia, nyimbo za wapiga kasia husikika zikitoka ufukoni.

Hapana budi kukumbuka kwamba si kila mtu aliyeshangilia. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji aliandika kwamba mgeni huyo angemaliza chakula cha ziwa na kisha kujimaliza mwenyewe. Ni kweli kwamba baadhi ya viumbe vidogo vya Kivu vilitoweka. Lakini uvuvi haukufa kama alivyotabiri. Ziwa Viktoria halikupata bahati hiyo. Sangara aliyepandwa huko katika miaka ya 1950 aliangamiza mamia ya aina za samaki wa asili, ingawa pia alileta viwanda na fedha. Kuingiza samaki mpya ziwani, basi, ni jambo lisiloweza kurudishwa nyuma.

Nchi kavu nako historia ilikuwa na yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walijenga kituo cha Kigembe, kusini mwa nchi, na mabwawa yakachimbwa katika mabonde mengi. Mengi yalichimbwa kwa msukumo wa utawala, si kwa haja ya mkulima. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, msukumo ulipokwisha, mabwawa yaliota majani. Perege waliobaki walizaana kupita kiasi, wakadumaa. Ndipo mwaka 1983 ulipoanza mradi wa taifa wa ufugaji wa samaki, kwa msaada wa Marekani. Safari hii mkulima alifundishwa kutia mboji bwawani, kuhesabu vifaranga na kuandika mavuno yake. Bwawa likawa mali yake, naye akalitunza.

Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza watu na kazi zao pamoja. Mabwawa yalibaki bila wenyewe. Katika miaka ya 2000, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Serikali ilirudisha vifaranga katika maziwa ya ndani. Baadaye vikaja vizimba vya nyavu, ambavyo leo vinaelea Kivu na Muhazi vikiwa vimejaa perege.

Vizimba ni maendeleo ya kweli. Hata hivyo vina masharti yake. Vikirundikwa katika ghuba moja, mabaki ya chakula na kinyesi huzama, huoza na kula hewa ya maji. Siku moja alfajiri mfugaji hukuta samaki wake wote wanaelea tumbo juu. Tena perege hulishwa chakula chenye soya na dagaa. Dagaa akitoka katika sahani ya maskini ili kumnenepesha perege wa tajiri, taifa litakuwa limehamisha chakula tu, halikukiongeza.

Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2008 iliweka utaratibu wa ufugaji na uvuvi. Kila mwaka uvuvi wa isambaza Kivu husimamishwa kwa miezi miwili hivi ili samaki azae. Nyavu haramu ziitwazo kaningini, zenye matundu madogo yanayokamata hata vifaranga, hukamatwa na kuteketezwa. Kazi hiyo huwafikia wanamaji wa jeshi na polisi wa majini, usiku, katika baridi, mpakani na Kongo, ambako samaki havuki kwa hati ya kusafiria.

Pengine askari akamataye wavu wa mvuvi mwenye njaa huona uchungu, naye hana kosa kuuona. Lakini wavu ule unachukua chakula cha mwakani cha mvuvi huyo huyo. Mwaka 2006 alionekana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, asiyetarajiwa, anayegombea chakula kile kile na isambaza. Ni ushahidi kwamba ziwa lisilo na mlinzi huingiliwa.

Kuvisafirisha vifaranga ilikuwa kazi ya muda mfupi. Kuvilinda kumechukua zaidi ya miaka 60, na zamu hiyo haijaisha.