Moshi, Mvuke na Gari Lililolala Baridini

Porsche 911 ya zamani haina tone la maji ndani ya injini. Tangu ilipoonyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963 hadi toleo la mwisho la aina hiyo mwaka 1998, injini yake ilipozwa kwa feni na oili tu. Hata hivyo, liwashe gari hilo alfajiri ya Januari kule Stuttgart lilikoundwa, au Limuru mwezi wa Julai, na nyuma yake litatanda wingu jeupe. Mwenye gari asiyelizoea hushtuka, akampigia fundi simu na kumwambia: “Linatoa moshi.”

Wingu lile si moshi. Petroli ni kaboni na hidrojeni, na hidrojeni ikiungua huwa maji. Lita moja ya petroli huzaa takribani lita moja ya maji, jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka waone ekzosi ikidondosha matone. Injini ikishapata moto, maji hayo hutoka yakiwa mvuke usioonekana na kupotelea hewani. Asubuhi ya baridi mvuke huo hukuta bomba baridi na hewa baridi, ukageuka vijitone, na hivyo vijitone ndivyo tunavyoviona. Pumzi ya mtoto wa Makete anayekwenda shule mwezi wa Juni hufanya vivyo hivyo.

Lakini mtoto huyo ukimwuliza, atakwambia mdomo wake unatoa moshi. Uji wa moto nao tunasema unafuka moshi. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, chombo kilichopita juu yake kikaitwa gari la moshi, kwa kile kilichotoka kwenye dohani, ingawa kilichosukuma magurudumu ni mvuke. Jina likabaki hata injini za dizeli ziliposhika njia. Na ekzosi yenyewe kwa jina la vitabuni ni bomba la moshi, kana kwamba hakuna kingine kinachoweza kupita humo. Silioni hilo kuwa kosa. Waliolipa neno upana huo walitaja walichokiona, na mezani penye uji hakuna anayepotea. Gereji ndipo mahali ambapo neno moja halitoshi, kwa sababu vitu vinavyotoka kwenye bomba lile ni vingi, na kila kimoja kina gharama yake.

Chukua moshi wa buluu. Injini ya 911 ina silinda sita, tatu kila upande, zote zimelala ubavu badala ya kusimama. Gari likizimwa, oili kidogo hutuama upande wa chini wa silinda na kujipenyeza taratibu kwenye ringi za pistoni. Zaidi ya hayo, oili yake huwekwa kwenye tangi la pembeni, na gari likikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, oili huweza kuteremka kutoka tangini na kujaa chini ya injini. Siku ya kuliwasha, iliyopenya huungua. Hutoka pumzi nzito ya rangi ya buluu, kwa kuwa chembe za oili ni ndogo mno na hutawanya mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine. Hunuka oili iliyoungua, hukawia hewani, kisha baada ya muda mfupi huisha. Moshi ukiisha hivyo, injini ni nzima. Ukiendelea barabarani, basi ringi zimechoka au sili za valvu zimekauka, na injini inakula oili.

Wapenzi wa magari haya Ulaya na Marekani wana jina mahususi la pumzi hiyo ya kwanza. Sisi tuiiteje? Nilifikiri moshi wa kuwasha, nikaona msomaji ataelewa moshi unaowasha macho. Kuunda nomino ya mwasho hakusaidii, maana mwasho ni wa ngozi. Moshi wa stata ungemfanya fundi aikague stata yenyewe, ambayo nayo huweza kuungua. Jibu nililipata kwenye usemi tulio nao: gari hulala. Limelala nje, limelala gereji siku tatu. Basi pumzi hii iwe moshi wa kuamka, na lile wingu jeupe liwe mvuke wa kuamka. Majina hayo mawili yanamwezesha mwenye gari kusema kwenye simu kile hasa alichokiona.

Moshi mweusi hauna utata mkubwa: petroli imezidi hewa. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena mwaka 1973, hutumia kabureta, na asubuhi ya baridi dereva huvuta choki ili kuongeza petroli, kwa kuwa petroli baridi haigeuki mvuke kwa urahisi. Asiposahau kuirudisha, weusi hukoma.

Datsun hiyo, tofauti na 911, ina rejeta. Kwa hiyo weupe unaotoka kwake huweza pia kuwa maji ya rejeta yanayovuja kupitia gasketi iliyoungua. Mvuke wa kuamka hupungua kadiri ekzosi inavyopata moto, huku huu hauishi, hunuka utamutamu ikiwa rejeta ina kulanti, na maji hupungua siku hadi siku.

Kisha kuna kisichoonekana kabisa. Choki ikivutwa, petroli haiungui yote sawasawa, na ekzosi ya gari la zamani hutoa kaboni monoksidi nyingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeliacha gari lingurume ndani ya gereji iliyofungwa huku akisubiri moshi uishe, anatazama kitu kisichomdhuru zaidi. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, na tunaambiwa wameuawa na moshi. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, na ndiyo maana waliuingiza ndani.